Kijana Aliyekataa Kuharakishwa



Mtoto akianza kuonyesha kipaji cha mchezo, haupiti muda mrefu kabla nyumba yao haijaanza kupata wageni. Huyu anakuja na ahadi ya klabu, yule ana ahadi ya safari, na mwingine ameshika bahasha. Wazazi wanatazamana. Masomo bado yana miaka kadhaa mbele, na fedha ziko mezani. Wamwambie nini mtoto wao?

Leo nataka tulitazame swali hilo kwa kumfuata kijana mmoja wa Marekani, katika mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi, yaani besiboli. Jina lake ni Jim Abbott.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi, uko hivi. Mtupaji wa timu moja anarusha mpira mdogo na mgumu kwa kasi kubwa. Mpigaji wa timu ya pili anajaribu kuupiga kwa gongo, kisha akimbie. Mtupaji hurusha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili huvaa glavu nene ya ngozi, kwa sababu mpira ukishapigwa unaweza kumrudia usoni kabla hajapepesa jicho. Kwa hiyo ni kazi ya mikono miwili. Abbott, aliyezaliwa mwaka 1967 katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, alizaliwa bila kiganja cha mkono wa kulia.

Flint ni mji wa viwanda vya magari. Kampuni ya General Motors ilianzishwa huko mwaka 1908. Alipokuwa mdogo, Abbott alivishwa mkono wa bandia wenye ndoano ya chuma. Hakuupenda, akauacha. Akawa anashinda nje akirusha mpira ukutani. Glavu aliiegesha juu ya ncha ya mkono wa kulia, akarusha kwa mkono wa kushoto. Mpira ukishatoka, aliutumbukiza mkono huo huo wa kushoto ndani ya glavu na kudaka. Kisha aliibana glavu chini ya mkono wa kulia, akachomoa mkono wa kushoto pamoja na mpira, akawa tayari kurusha tena. Alipoona amezoea, alisogea karibu zaidi na ukuta ili mpira urudi upesi zaidi. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo, na ilichukua miaka.

Mwaka 1985 akamaliza shule ya sekondari. Huko Marekani klabu kubwa za besiboli hugawana vijana kwa zamu kila mwaka. Klabu ya Toronto Blue Jays ilimchagua Abbott, lakini katika duru ya 36. Hapo maana yake ni kwamba mamia ya vijana walikwisha kuchaguliwa kabla yake. Siku hizi, tangu mwaka 2021, uteuzi huo una duru 20 tu. Kijana wa aina yake leo asingeitwa kabisa.

Hata hivyo, aliitwa. Ndugu msikilizaji, hebu jiweke mahali pake. Una miaka 17, kiganja ni kimoja, na klabu ya kulipwa imekutaja jina. Nani anajua kama watakuja tena? Wengi wetu tungesema: mwanangu, shika hicho hicho, bahati haibishi hodi mara mbili.

Abbott alikataa. Akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Na huo haukuwa uamuzi mdogo, kwa sababu kanuni za mchezo huo zinasema kwamba mchezaji akishaingia chuo cha miaka minne, kwa kawaida hawezi kuteuliwa tena mpaka amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21. Alijifungia mlango mwenyewe, kwa kutegemea kwamba muda huo utamkomaza.

Na ulimkomaza kweli. Akiwa chuoni alishinda michezo 26 na kupoteza 8. Timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vya kanda yao, unaoitwa Big Ten, mwaka 1986 na 1987. Mwaka huo wa 1987 aliichezea timu ya taifa mjini Havana na kuwashinda Wacuba kwao, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtupaji yeyote wa Marekani kwa miaka 25. Katika michezo ya mabara ya Amerika iliyofanyika Indianapolis mwaka huo huo, yeye ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Mwaka 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, alirusha mchezo wa mwisho tangu mwanzo hadi tamati, na Marekani ikaifunga Japani 5 kwa 3.

Mwaka huo huo wa 1988 klabu zikateua tena. Safari hii Abbott alichukuliwa na California Angels, wa nane katika nchi nzima. Kijana yule yule, mkono ule ule. Kilichobadilika ni miaka mitatu. Mwaka 1989 aliingia ligi kuu moja kwa moja, bila kupitia klabu za chini ambako karibu kila mchezaji hulazimika kupita.

Wako watakaosema: hizo ni hadithi za kutia moyo, mwisho wake huwa mtamu siku zote. La hasha. Tusikilize na upande wa pili.

Ni kweli kwamba mwaka 1991 alishinda michezo 18. Ni kweli pia kwamba tarehe 4 Septemba 1993, akiwa na New York Yankees, aliwazuia wapigaji wa Cleveland mchezo mzima bila hata mmoja kupata pigo lililomfikisha salama. Watupaji wengi mashuhuri wamestaafu bila kuionja siku kama hiyo. Lakini mwaka 1996, akiwa tena na klabu yake ya kwanza, alishinda michezo 2 na kupoteza 18. Mwaka uliofuata aliachwa, akakaa nje ya mchezo. Mwaka 1998, akiwa na miaka 30, alirudi kwa kupanda ngazi kutoka klabu za chini, zile zile alizoziruka ujanani, hadi akafika tena ligi kuu na klabu ya Chicago White Sox na kushinda michezo 5 bila kupoteza. Akastaafu mwaka 1999. Ukipiga hesabu yote, alishinda michezo 87 na kupoteza 108.

Kwa hiyo mwenye kupima mtu kwa ushindi tu atasema huyu alishindwa zaidi ya alivyoshinda. Lakini miaka yote hiyo, katika miji alikokwenda kucheza, wazazi walimletea watoto waliozaliwa kama yeye, ili wamwone tu. Naye alikutana nao, na barua zao alizijibu. Chuo chake kiliistaafisha namba 31 ya jezi yake mwaka 2009. Hakuna anayewauliza watoto wale kuhusu mwaka 1996.

Mimi sisemi kwamba kila kijana akatae kila mkataba. Ziko nyumba ambazo fedha hiyo ndiyo chakula cha kesho, na hatuna haki ya kuwahukumu. Wala chuo si uganga; wengi wanaocheza besiboli vyuoni Marekani hawaifikii ligi kuu hata siku moja. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuuliza mkataba una shilingi ngapi, tuulize kijana huyu amebakiza nini cha kujifunza, na ni nani atakayempa nafasi ya kujifunza hicho. Anayemwahidi uwanja mkubwa leo, je, atakuwepo siku atakapopoteza mara 18?

Abbott alijua tangu utotoni kwamba kila anayesogea karibu na ukuta lazima kwanza awe amezoea umbali wa nyuma. Sisi wazazi na makocha mara nyingi tunataka mtoto aanzie pale karibu kabisa, kisha tunashangaa mpira unapompiga usoni.