Bastola ya marisaa kichochoroni: inamlinda nani?

1/ UZI. Haya ni mazungumzo niliyotoa barazani hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nimeyakata vipande vipande yasomeke vizuri kwa simu. Kama kawaida yetu, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaipima hoja, hatumpimi mtu.

2/ Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu nyote. Kila vijana wa mapanga wakipita mtaani na kukata watu, hoja moja hurudi majukwaani: "Raia wema waruhusiwe bunduki wajilinde wenyewe." Makofi yanapigwa, vigelegele, gari linaondoka. Sisi tunabaki na vichochoro vyetu.

3/ Na siku hizi hoja hiyo ina picha. Kuna video zinazunguka kwenye makundi ya simu: bastola moja nene, inapiga risasi ya kawaida na inapiga marisaa pia. Mtu anailenga mbao, mbao inatoboka matundu kibao. Chini yake wameandika: "Hii ndiyo dawa ya wale vijana." Basi leo hebu tuitazame dawa yenyewe.

4/ Ni silaha gani? Ni rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka. Maarufu zaidi ni Taurus Judge, ya kampuni ya Brazil, iliyopata umaarufu Marekani kuanzia 2006. Smith & Wesson nao wakatoa yao, Governor, mwaka 2011. Jina Judge, yaani Jaji, kampuni yenyewe husimulia kwamba lilitokana na majaji wa Miami waliokuwa wakiibeba.

5/ Silinda yake ni ndefu kuliko kawaida. Tundu lile lile linapokea risasi nzito ya .45 Colt, au ganda la marisaa la .410, ambalo ndilo dogo kabisa kati ya maganda ya marisaa yanayotumika sana. Governor inapokea na aina ya tatu. Ndiyo maana watu wanasema: bastola moja, kazi mbili tatu.

6/ Hoja ya wanaoitetea tuiseme kwa haki, tusiipindishe. Wanasema: mtu mwenye hofu mkono unatetemeka, halengi sawasawa. Marisaa yanatawanyika, kwa hivyo atampata mshambuliaji hata akikosea kidogo. Tena rivolva ni rahisi, haikwami ovyo. Na polisi wakichelewa, nani atakuokoa? Swali hilo la mwisho si la kuchekwa. Wako watu hapa wana kovu la panga mwilini.

7/ Sasa tuangalie chuma chenyewe. Bunduki ya kawaida ya marisaa ina mtutu mrefu, na ndani ni laini. Hii bastola ina mtutu mfupi, na ndani una michirizi ya kuzungusha, kwa sababu risasi ya .45 inahitaji kuzungushwa ndiyo iende sawa. Marisaa hayahitaji kuzungushwa. Yakizungushwa yanaruka pembeni, kama maji kwenye mwavuli unaouzungusha mvuani.

8/ Matokeo yake? Hatua chache tu kutoka mkononi, zile chembe zishaachana. Nyingine zinampata uliyemlenga, nyingine zinampita. Na zile ndogo za kuwindia ndege haziingii ndani sana. Kipimo ambacho FBI ya Marekani hutumia kwa risasi ya kujihami ni kupenya inchi 12 hadi 18. Marisaa ya ndege kutoka mtutu mfupi hayafiki hapo. Yanaumiza, yanapofua macho, lakini mtu aliyepandwa na mori huenda asisimame.

9/ Yapo marisaa makubwa zaidi, chembe tatu, nne au tano tu kwa ganda. Hayo yanapenya vizuri zaidi. Lakini hapo sasa ule utetezi wa kwanza umekufa: chembe nne si wavu wa kuvulia samaki. Bado utalazimika kulenga. Na ukitia risasi ya .45, inaruka nafasi tupu ndani ya silinda ndefu kabla haijaikuta michirizi. Bastola ya kazi mbili, na kila kazi inafanya nusunusu.

10/ Kwa mkulima anayekutana na nyoka karibu na mguu wake, huenda ikafaa. Ndiyo kazi ambayo marisaa madogo kwenye bastola yamefanya miaka mingi. Nyoka ni hatua mbili mbele yako, ardhini, na nyuma yake kuna udongo mtupu. Sasa mtoe nyoka, weka kichochoro cha Kibokoni.

11/ Mji wetu mnaujua. Vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, ngumu. Lakini kila baada ya hatua chache kuna mlango wa mbao, dirisha, pazia, baraza yenye mzee amekaa. Chembe inayompita mshambuliaji haipotei hewani. Inagonga ukuta ikarudi, au inaingia dirishani kwa jirani.

12/ Na kila chembe ina mwenyewe. Ganda moja la marisaa madogo lina chembe nyingi sana. Ukifyatua, zote ni zako: ile iliyompata kijana mwenye panga, na ile iliyompata mtoto anayetoka madrasa na juzuu yake mkononi. Kule kutawanyika kunakosifiwa kwenye video ndiko kunakotutia hofu hapa. Ile mbao haikuwa na jirani.

13/ Halafu kuna wakati. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika juu ya jaribio rahisi: mtu mwenye kisu anakimbia futi 21, karibu mita sita na nusu, kwa kadiri ya sekunde moja na nusu. Ndio muda ambao askari aliyefunzwa anahitaji kutoa bastola na kufyatua. Nasema askari aliyefunzwa. Simsemi muuza kahawa.

14/ Mita sita na nusu kwenye uwanja unaziona. Kwenye kona ya Mji wa Kale huzioni. Kijana anatokea kona, yuko mita mbili. Tena hawaji mmoja, wanakuja kundi. Bastola iko kiunoni chini ya kanzu au kwenye mkoba. Tuambiane ukweli: aina ya risasi iliyomo ndani haijaanza hata kuwa na maana.

15/ Na wakikuwahi? Walikuja kuchukua simu, wameondoka na bastola. Jana walikuwa na mapanga, kesho wana bunduki, na bunduki ni yako. Hili si la kubuni. Usiku wa 13 Agosti 1997, hapo Likoni, ng'ambo ya kivuko tu, wavamizi waliingia kituo cha polisi, wakaua askari sita na kuondoka na bunduki zaidi ya 40. Machafuko yaliyofuata wakubwa hapa wanayakumbuka. Kama ghala la polisi lilivunjwa, droo ya kitandani ni nini?

16/ Tuje kwenye sheria, maana hapa majukwaa hudanganya zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010 haina haki ya raia kumiliki bunduki. Ina haki ya uhai, Kifungu cha 26, na haki ya kutofanyiwa ukatili na yeyote, awe mtu wa serikali au raia, Kifungu cha 29. Haki ni usalama. Bunduki ni leseni tu, na leseni hupewa na hunyang'anywa.

17/ Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema huwezi kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Lazima uwe na sababu ya kweli, na isionekane kwamba utahatarisha usalama wa umma. Cheti ni cha mtu, si cha familia: humwachii ndugu yako alinde duka ukienda Umra. Na wajibu wa kuitunza isiibiwe ni wako. Desemba 2018 serikali iliwaamuru wote wenye leseni wakaguliwe upya.

18/ Na ukishapiga je? Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinakubali kujitetea, kwa misingi ya sheria ya kale ya Kiingereza: nguvu iwe ya lazima na iwe ya kadiri. Kijana akikuinulia panga, hiyo ni hali moja. Akishageuka kukimbia na simu yako ukampiga mgongoni, hiyo ni kesi nyingine, na mshtakiwa ni wewe. Chembe iliyompata mpita njia ni kesi ya tatu.

19/ Sasa lile linalouma, na naomba mnivumilie. Wengi katika hawa vijana ni wadogo, wengine wa umri wa shule. Simtetei anayekata watu, akamatwe ashtakiwe. Lakini si wageni walioshuka na jahazi. Ni wa mitaa hii. Huenda mama yake yumo kwenye kikao hiki, amekaa pale nyuma, anasikiliza. Anayetuambia tujipange kwa bunduki anatuambia mtaa huu upigane na watoto wake, naye mwenyewe analala penye geti na walinzi.

20/ Najua mtaniuliza: "Basi tukae tukatwe?" La hasha. Ila tuwadai wanaopaswa kudaiwa. Na hapa kuna jambo dogo ambalo wapiga kura wengi hawaambiwi. Polisi na leseni za silaha ni kazi ya serikali ya kitaifa. Anayegombea kiti cha kaunti hawezi kumpa mtu yeyote bunduki. Akiahidi hivyo anauza samaki aliye baharini.

21/ Lakini iko kazi aliyo nayo, na haitaji. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti taa za barabarani. Linaipa udhibiti wa dawa za kulevya. Linaipa vyuo vya ufundi vya mitaani. Kichochoro chenye giza, kijana aliyelewa tembe, kijana asiye na ufundi: yote matatu yako mezani kwake. Ni rahisi kuomba makofi kwa bunduki usiyoweza kuitoa kuliko kuulizwa taa uliyoshindwa kuiwasha.

22/ Na wa ngazi ya kitaifa naye ana yake: doria ya miguu, maana gari la polisi haliingii vichochoroni. Simu ya kituo ipokelewe. Kesi zisife njiani kwa sababu mashahidi wameogopa. Anayeshtaki asitajwe jina mtaani kabla hajafika nyumbani. Haya hayana video tamu, lakini ndiyo yanayompa mama moyo wa kumtuma mtoto dukani baada ya Magharibi.

23/ Basi mgombea akija na hoja ya bunduki, msizomee. Mwulizeni maswali matano, kwa adabu:
a) Kiti unachogombea kina mamlaka ya kutoa leseni ya silaha?
b) Bastola hiyo italengwa wapi katika kichochoro cha mita mbili?
c) Chembe iliyokosea ni ya nani?
d) Ikiibiwa, mtaa utakuwa salama zaidi au kidogo?
e) Taa ya hapa imezimika tangu lini, na ya kuiwasha ni kazi ya nani?

24/ Kwa anayeniuliza jibu la mkato: bastola ya marisaa na risasi kwa pamoja, kwa kujihami hapa kisiwani, haifai. Marisaa madogo ni dhaifu kwa unayemlenga na ni hatari kwa usiyemlenga. Makubwa yanataka shabaha ile ile ya bastola yoyote. Na bastola yoyote inataka nafasi, mafunzo na muda, vitu vitatu ambavyo kona ya Mji wa Kale haikupi.

25/ Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari. Tahadhari yetu ni taa, doria, ushahidi na watoto wetu kuwa na pa kwenda. Uzi ujao: "Kivuko, daraja na ahadi zisizovuka." Mwenye swali aliache hapa chini, atajibiwa. Mwenye matusi ajue tu mama yangu pia anausoma uzi huu.