Siri ya Mgonjwa ni Amana

Hotuba iliyotolewa na muuguzi mstaafu, mwanachama wetu, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, nami leo nina neno moja tu, nalo ni juu ya amana ambayo mgonjwa humwachia yule anayemtibu.

Mtu mzima havui nguo mbele ya mgeni, wala hamsimulii mambo ya chumbani mwake. Lakini akiugua hufanya yote mawili mbele ya daktari, kwa kuwa anaamini kwamba yatakayosemwa pale yatabaki pale. Imani hiyo ikivunjika, ugonjwa hubaki, ila mgonjwa huacha kuja.

Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani, mwenzetu alisimama mlangoni akaita kwa sauti kubwa jina la mama mmoja, pamoja na dawa za kifua kikuu alizokuja kuchukua. Benchi zima lilisikia. Ugonjwa huo kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6 bila kukatiza, na yule mama alikuwa katika mwezi wa pili. Hakurudi tena. Tulipomfuata nyumbani baada ya majuma kadhaa tulimkuta amedhoofika sana, na mtoto wake mdogo naye anakohoa. Akatuuliza, "Mlitaka nipite njia gani, na soko zima linajua?"

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli tupu. Lakini yatupasa kujiuliza ni nani aliyemfundisha kuficha.

Sheria za nchi yetu zimelitambua jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema kwamba habari za hali ya mgonjwa, matibabu yake na kulazwa kwake ni siri. Nafasi za kuitoa siri hiyo ni chache: kama mgonjwa akiridhia kwa maandishi, au mahakama ikiamuru, au ikiwa kunyamaza kutaleta hatari kubwa kwa afya ya watu wote. Tena, Februari 2015 Serikali iliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wenye virusi vya ukimwi. Ilisemwa kwamba nia ni kuwafikishia huduma. Hata hivyo Mahakama Kuu iliamua Desemba 2016 kwamba agizo hilo lilivunja Katiba.

Sasa nageukia nyumba yetu wenyewe. Kila mwaka, katika taarifa ya Mfuko wa Wagonjwa, tumechapisha jina la mwanachama, maradhi yake na fedha alizopewa. Tulifanya hivyo kwa uaminifu, ili kila shilingi ionekane. Lakini kijitabu hiki husomwa na wakwe, majirani na waajiri. Wanachama wawili, ambao sitawataja, wamenieleza kwamba waliona heri kukopa kwa riba kuliko kuomba msaada wa mfuko walioujaza kwa jasho lao.

Kwa hiyo nauomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, taarifa ionyeshe idadi ya waliosaidiwa na jumla ya fedha, bila majina wala maradhi. Pili, hati za hospitali zionwe na Mweka Hazina na mkaguzi wa hesabu peke yao, kisha zifungiwe kabatini. Hao wawili watosha kuhakikisha kwamba chama hakidanganywi. Tatu, wajumbe wanaokwenda kuwatazama wagonjwa wasiulize jina la ugonjwa, wala wasisimulie waliyoyaona. Mgonjwa akipenda kujitangaza mwenyewe, hiyo ni hiari yake.

Wazee wangu, ninyi mmeketi mara nyingi kusuluhisha nyumba za watu, mkasikia mazito, na hakuna aliyeyasikia tena nje. Heshima hiyo hiyo ndiyo ninayowaombea wagonjwa wetu.