Kicheko Mlangoni mwa Chumba cha Upasuaji



Mama yangu alikuwa muuguzi. Nilipokuwa shule ya msingi nilizoea kumsubiri nje ya wodi asubuhi, zamu ya usiku inapokwisha, na kutoka chumba cha wauguzi nilikuwa nikisikia kicheko kilichonitisha. Usiku ule watu walikuwa wamefariki. Machela zilikuwa bado zimeegemezwa ukutani. Na humo ndani watu wazima walikuwa wakicheka hadi kushika mbavu. Siku moja nilimuuliza mama tukiwa njiani kurudi nyumbani. Hakunikemea. Aliniambia tu kwamba wale waliokuwa wakicheka ndio waliowaosha marehemu. Sikuelewa. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, mwalimu wetu alituwekea kaseti ya tamthilia ya Marekani kuhusu madaktari wa jeshi, na hapo ndipo jibu la mama lilipoanza kunifungukia.

Tamthilia hiyo ni M*A*S*H, herufi zinazosimamia jina la hospitali ya upasuaji ya jeshi, ile iliyokuwa iking'oa mahema na kuhama kila vita vilipohama. Ilianza kurushwa na kituo cha CBS tarehe 17 Septemba 1972, ikakoma tarehe 28 Februari 1983: misimu 11, vipindi zaidi ya 250. Chanzo chake ni riwaya ya mwaka 1968 iliyoandikwa kwa jina la Richard Hooker, ambaye kwa hakika alikuwa daktari wa upasuaji, H. Richard Hornberger, aliyepata kuhudumu katika hospitali ya namna hiyo. Baada ya riwaya ilikuja filamu ya Robert Altman mwaka 1970. Vita vinavyoonyeshwa ni vya Korea, vilivyoanza tarehe 25 Juni 1950 na kusimamishwa tarehe 27 Julai 1953. Miaka mitatu na mwezi mmoja tu. Tamthilia ikavizidi vita vyake zaidi ya mara tatu, na jambo hilo peke yake lingetosha kuwagawa watazamaji, kwa maana wapo waliozeeka pamoja na madaktari ambao, kwa hesabu ya kalenda ya vita, hawakupaswa kuzeeka.

Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini naiita tamthilia ya kazini wakati watu wamevaa sare na mabomu yanalia. Itazameni vizuri. Kuna bosi mpole asiyeweza kuongoza, Luteni Kanali Henry Blake. Kuna karani, Radar O'Reilly, anayeandaa fomu kabla bosi hajajua kwamba anazihitaji. Kuna mfanyakazi mwenza asiyeijua kazi lakini anajua kushitaki, Meja Frank Burns. Kuna chakula kibaya, zamu zisizokwisha, maombi ya likizo yanayokataliwa. Koplo Klinger anavaa magauni ya kike akitarajia kuonekana kichaa ili arudishwe nyumbani. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Na kazi ipo kila siku, nayo ni kushona miili ya vijana walioletwa kwa helikopta.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Wakati ule vichekesho vingi vya televisheni ya Marekani vilipachikwa vicheko vilivyorekodiwa, ili mtu anayetazama sebuleni peke yake aambiwe wapi pa kucheka. Waasisi wa tamthilia hii, mwandishi Larry Gelbart na mtayarishaji Gene Reynolds, hawakuvitaka. Kituo kilivitaka. Walivutana, kisha wakakubaliana: vicheko viwepo kambini, kwenye mahema, kwenye bwalo la chakula, lakini ndani ya chumba cha upasuaji pasisikike hata kimoja. Uingereza, BBC walipoionyesha waliviondoa kabisa.

Mnaona kilichofanyika? Madaktari wanaendelea kutaniana huku mikono yao imezama katika jeraha, lakini sisi tunaotazama hatuna wa kutusaidia kucheka. Tunaachwa na sauti ya vyuma na pumzi. Naamini sehemu kubwa ya ugomvi wa mashabiki wa M*A*S*H kwa misimu 11 ilikuwa, bila wao kuutaja hivyo, ugomvi juu ya mlango huo: kicheko kiingie hadi wapi, na kikishafika mlangoni kivue viatu au la.

Wenzangu wa nadharia watanisamehe nikiacha vitabu vyao kidogo na kwenda msibani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani akifika kwenye msiba wa mtani wake anaruhusiwa maneno ambayo mwana wa marehemu akiyasema atalaaniwa. Atamwiga marehemu mwendo wake, atadai deni, atazuia jeneza mpaka apewe chochote. Lakini mtani huyo huyo hushika jembe la kaburi na kubeba maji. Haki yake ya kucheka ameinunua kwa kazi. Mgeni anayekuja kucheka tu, bila kushika jembe, si mtani. Huyo ni mkosefu wa adabu. Mama yangu alinieleza nadharia hiyo kwa sentensi moja.

Gelbart aliielewa bila kuijua lugha yetu. Tarehe 28 Januari 1973, siku moja baada ya kutiwa saini kwa mkataba wa Paris kuhusu Vietnam, kilirushwa kipindi ambamo rafiki wa utotoni wa Hawkeye Pierce, daktari mkuu wa hadithi, aliyechezwa na Alan Alda, analetwa akiwa amejeruhiwa na kufia mezani mikononi mwake. Hapo ndipo kichekesho kilipoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba kinaweza kumuua mtu uliyekwisha kucheka naye na kumpenda. Wakati huo watazamaji walikuwa wachache. Msimu wa pili, CBS walipoipanga jioni ya Jumamosi baada ya All in the Family, ikapanda hadi nafasi ya nne nchini.

Kisha ikaja tarehe 18 Machi 1975. McLean Stevenson, aliyemwigiza Henry Blake, alikuwa ameamua kuondoka. Kwa desturi ya televisheni mhusika wa namna hiyo hukumbatiwa, akapanda ndege, basi. Na kweli Blake anakumbatiwa na kupanda ndege. Halafu, madaktari wakiwa kazini, Radar anaingia chumba cha upasuaji bila barakoa na kusoma ujumbe: ndege ya Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyesalimika. Ukurasa wenye ujumbe huo ulikuwa umefichwa, na karibu waigizaji wote hawakupewa hadi dakika chache kabla ya kurekodi. Kuna chombo cha upasuaji kinachoanguka sakafuni. Hakikupangwa; kilidondoka, nao wakakiacha. Baada ya hapo, hakuna anayezungumza. Wanaendelea kushona.

Barua zilifurika. Wapo waliosema wamesalitiwa: walikaa na watoto wao kutazama kichekesho, wakalala wakilia. Wapo walioshukuru, wakisema vita hufanya hivyo hasa, havimsubiri mtu amalize safari. Gelbart na Reynolds walijibu baadhi ya barua wao wenyewe. Tukumbuke pia nchi ilikuwa katika hali gani: majuma sita baadaye, tarehe 30 Aprili, Saigon ilianguka.

Msimu uliofuata ulianza kwa kuondoka kwa mtu mwingine. Wayne Rogers, aliyemcheza Trapper John, mwenzi wa Hawkeye katika kila utundu, aliachana na tamthilia kwa mzozo wa mkataba; tena hakufurahia jinsi nafasi yake ilivyokuwa ikimezwa na ya Alda. Hakukuwa na kipindi cha kumuaga. Hawkeye anarudi kutoka likizo Tokyo na kuambiwa Trapper amekwenda nyumbani, na salamu aliyomwachia ni busu la shavuni, linalowasilishwa na Radar. Anakimbizwa kwa gari la jeep hadi uwanja wa ndege wa Kimpo. Anachelewa kwa dakika chache. Pale pale anakutana na mrithi, B.J. Hunnicutt, aliyechezwa na Mike Farrell, na hadithi inaendelea.

Hapa naomba tutulie kidogo. Blake aliuawa, na hasira ya watazamaji ikaja kugeuka kuwa heshima. Leo ni vigumu kukutana na mpenzi wa M*A*S*H asiyekitaja kipindi kile kwanza. Trapper alirudi kwa mke na watoto akiwa mzima wa afya, na manung'uniko juu yake hayajaisha hadi leo. Kwa nini habari ya kifo isameheke, na ile ya salama ibaki kidonda? Jibu langu ni mlango ule. Kifo cha Blake kiliingizwa mahali pasipo vicheko, kikapewa ukimya wake. Kuondoka kwa Trapper kulielezwa nje, kwa mzaha. Watazamaji hawakuwa wakikataa maumivu. Walikataa maumivu yasiyopewa kimya chake.

Gelbart aliondoka mwaka 1976, Reynolds mwaka uliofuata, na Burt Metcalfe akaongoza uzalishaji hadi mwisho. Hapo mashabiki waligawanyika waziwazi. Upande mmoja unasema miaka ya mwanzo ndiyo yenye chumvi, na ya baadaye ni mahubiri. Upande wa pili unasema miaka ya mwanzo ni utoto. Sitajifanya sina upande, ila upande wangu unakatiza katikati.

Wanaopenda miaka ya mwisho wana haki kuhusu wanawake. Katika misimu ya kwanza wauguzi ni mawindo. Wanakimbizwa, wanachunguliwa, na Meja Margaret Houlihan anaitwa kwa jina la midomo yake kana kwamba hana vyeo vya kazi. Loretta Swit, aliyemwigiza, alipigania mhusika huyo akue, akakua, na jina lile la dhihaka likazidi kufifia. Mashabiki waliodai kwamba vichekesho vimepungua kwa sababu hiyo walikuwa wakililia kicheko cha mtu asiyeshika jembe. Mimi, mtoto wa muuguzi, siwezi kukililia. Hata kuondoka kwa Burns na kuja kwa Charles Winchester, mpinzani mwenye akili na ujuzi wa kweli, kuliipa kazi yenyewe heshima.

Lakini wanaopenda miaka ya mwanzo nao wameona kitu. Kadiri misimu ilivyosonga, Hawkeye alianza kutuambia kwa maneno yale ambayo zamani tuliyaona kwa macho. Anasimama, anakunja uso, anatufafanulia ubaya wa vita. Alan Alda alikuwa na kipaji kikubwa mno. Ndiye wa kwanza kushinda tuzo ya Emmy kwa kuigiza, kuandika na kuongoza katika tamthilia moja. Hata hivyo mtani akiacha kaburi nusu na kupanda mimbarini, waombolezaji hutazamana. Waliolalamika juu ya hotuba hizo hawakuwa watu wasiojali vita. Walikuwa wamefundishwa na tamthilia hiyo hiyo kwamba mkono unaoendelea kushona unasema zaidi ya mdomo.

Na lipo lalamiko moja ambalo hakuna upande uliolisikiliza vya kutosha. Korea ni ya nani? Wakorea katika tamthilia hii hupita pembeni: wakulima, watoto yatima, wafua nguo. Mara nyingi waliigizwa na Wamarekani wenye asili ya Japani au China. Kwa misimu 11 chumba cha upasuaji kilikuwa katika nchi ya watu ambao hawakupewa hata majina ya kukumbukwa. Kasoro hiyo siioni kuwa ndogo, na mapenzi yangu kwa kazi hii hayaifuti.

Nimalizie na usiku wa mwisho. Kipindi cha kufunga kilichukua saa mbili na nusu, Alda akiwa mwongozaji, na kilitazamwa na Wamarekani wapatao milioni 106. Hakikuwa na kicheko cha kupachika hata kimoja. Ni kana kwamba ukuta wa chumba cha upasuaji ulikuwa umesogezwa mpaka ukaizunguka kambi nzima. Hawkeye yumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anakumbuka basi lililojaa wakimbizi, doria ya adui ikipita karibu, na yeye akimfokea mwanamke mmoja anyamazishe kuku wake. Mwanamke akamnyamazisha kuku. Taratibu, mbele ya daktari, kumbukumbu inavua vazi lake: hakuwa kuku, alikuwa mtoto mchanga.

Mashabiki wengi waliona tukio hilo ni zito kupita kiasi kwa kichekesho. Mimi naona ndilo tukio la uaminifu kuliko yote. Akili ya Hawkeye ilikuwa imefanya kile ambacho tamthilia nzima ilifanya kwa misimu 11: ilichukua kisichobebeka, ikakigeuza kuwa kitu cha kuchekesha, ili mtu aweze kuamka kesho na kurudi kazini. Usiku ule waliirudisha kazi hiyo nyuma, hatua kwa hatua, mbele ya taifa. Na kwa mara nyingine mtu wa Korea alikuwa ndiye aliyelipa gharama.

Vita vinakwisha, mahema yanang'olewa. Klinger, aliyevaa magauni kwa miaka apate kuondoka, anabaki Korea kwa ajili ya mke. Hawkeye anamlalamikia B.J. kwamba Trapper alikwenda bila kuacha hata karatasi, na kwamba B.J. naye hataki kutamka neno la kwaheri. Miaka minane ilikuwa imepita tangu barua zile za 1975. Helikopta inapaa na Hawkeye peke yake. Anatazama chini, na pale ardhini, kwa mawe yaliyopangwa na mikono ya B.J., anaona neno lile limeandikwa.