Pingamizi liandikwe, tusiishie kijiweni
Mimi ni mtoto wa mfugaji. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mbuzi wa mama. Sasa halmashauri yetu inataka mbuzi akikutwa barabarani akamatwe, na mwenyewe atozwe faini kubwa kuliko bei ya mbuzi mwenyewe! Hatutetei mifugo kuzurura, shamba la jirani nalo ni jasho. Tunachokataa ni kupangiwa bila kuulizwa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaitaka halmashauri iwatangazie wananchi na kupokea mapingamizi yao kabla sheria ndogo haijaidhinishwa na Waziri. Basi tuandike, tusaini, tumfikishie Mkurugenzi mapema. Kulalamika kijiweni hakuhesabiki.