Kuongoza kwa Kuthamini: Swali la Kwanza la Kiongozi

(Maneno yaliyotolewa mbele ya waratibu na viongozi wa mashirika ya amani ya mashariki mwa Kongo)



Mmeniomba niseme juu ya uongozi wa mashirika yetu. Habari za uongozi ni nyingi, lakini leo nitashika moja tu: swali ambalo kiongozi huuliza kwanza anapokutana na watu wake. Naamini swali hilo huamua mambo mengi, ofisini kwetu na katika vijiji tunavyotumikia.

Sisi tunaofanya kazi ya amani tumezoea kuanza na matatizo. Mradi unaanza kwa kuchora mti wa matatizo: mizizi, shina, matawi. Barua ya kuomba fedha inaanza kwa kueleza ubaya wa hali. Mkutano wa Jumatatu nao hufuata njia hiyo hiyo. Ripoti gani haijafika? Nani amechelewa? Kwa nini mafuta ya pikipiki yamekwisha?

Maswali haya yana nafasi yake, na kiongozi asiyeyauliza atapoteza shirika. Lakini yakiwa ndiyo ya kwanza na ya mwisho kila wiki, watu hujifunza kitu kimoja: kujitetea. Mhamasishaji aliyekaa siku tatu na familia mbili mpaka zikasameheana anaingia mkutanoni akiwaza ripoti yake iliyochelewa. Hakuna anayemwuliza aliwezaje kuzipatanisha. Mwaka unapokwisha, shirika linajua makosa yake yote, lakini halijui kazi iliyofaulu ilifaulu kwa njia gani. Na mtu yule akihama, anaondoka na ujuzi wake wote.

Wako watu waliojaribu kugeuza swali hili. Mwaka 1980, kijana aitwaye David Cooperrider, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Case Western Reserve huko Marekani, alikuwa anachunguza uongozi wa hospitali kubwa ya Cleveland Clinic. Alianza kama wachunguzi wengi wanavyoanza, kwa kutafuta kasoro. Lakini akaona jinsi watu wa hospitali ile walivyoshirikiana vizuri, na mwalimu wake, Suresh Srivastva, akamtia moyo afuate hilo: aulize kazi inakwenda vema wakati gani, na kwa sababu gani. Mwaka 1987 wote wawili waliandika juu ya njia hiyo, ambayo tunaweza kuiita uchunguzi wa kuthamini. Imeenea katika nchi nyingi. Mwaka 2004, wakati wa Kofi Annan, Umoja wa Mataifa uliitumia huko New York katika mkutano wa viongozi wa makampuni na mashirika.

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya hospitali za matajiri, sisi tuko katika vita na njaa. Basi tuangalie Vietnam. Mwaka 1990 Jerry Sternin na mke wake Monique walifika huko kwa kazi ya shirika la Save the Children. Watoto wengi wa vijijini walikuwa wamekonda kwa utapiamlo. Serikali iliwapa miezi sita tu waonyeshe matunda, na fedha zilikuwa kidogo. Walikwenda katika vijiji vya jimbo la Thanh Hoa, wakapima watoto pamoja na wanakijiji, kisha wakauliza: je, hapa kuna familia maskini sana ambayo mtoto wake ana afya nzuri?

Jibu likawa ndiyo, zipo. Basi wanakijiji wenyewe wakaenda kutazama mama wale wanafanya nini. Wakaona kwamba wanaokota kamba na kaa wadogo katika mashamba ya mpunga, wanachuma majani ya viazi vitamu, na kuviweka katika chakula cha mtoto. Wengine walidhani vyakula hivyo havimfai mtoto mdogo. Tena mama wale waliwalisha watoto mara nyingi zaidi kwa siku, kidogo kidogo. Majani hayo ndiyo matembele, yale yale tunayokula hapa kwetu. Dawa ilikuwa tayari kijijini, mikononi mwa mama maskini ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Wenzao wakajifunza kwa kupika pamoja nao, na watoto wengi wakapona.

Sasa turudi kwetu. Tunajua ugomvi wa wafugaji na wakulima. Huko Fizi na Uvira, wakati wa kiangazi, ng'ombe hushuka kutafuta majani, wanaingia mashambani, mihogo inaliwa, na vijana wanashika silaha. Tukifika kijijini na swali la “Nani alianza?”, tutapata majibu mengi, na kila jibu litakuwa na kabila ndani yake. Lakini tuulize hivi: “Ni mwaka gani ng'ombe walipita hapa bila damu kumwagika? Mwaka ule nani alikaa na nani? Walipatana nini juu ya njia ya kupitia, na juu ya kulipa shamba lililoharibiwa?” Mara nyingi wazee wa pande zote mbili wanakumbuka. Kumbukumbu hiyo ni mali yao wote, na ni msingi ambao mgeni hawezi kuuleta kwa gari.

Lakini ndugu zangu, hatuwezi kwenda kuuliza swali hilo kijijini kama ofisini kwetu hatuliulizi. Shirika ambalo Jumatatu linatafuta mkosaji, Jumanne halitaweza kuwafundisha wengine kuacha kutafuta mkosaji. Na ofisini kwetu pia makabila yapo. Lawama ikizidi, kila mtu hurudi kwa watu wake. Kwa hiyo jinsi kiongozi anavyoongoza ofisi ni sehemu ya kazi yenyewe ya amani.

Tunafanyaje? Wenye njia hii wanataja hatua nne, nami nitazieleza kwa namna ya kwetu.

Kwanza, kugundua. Kila mtu amsimulie mwenzake siku moja ambapo kazi yake ilifaulu: ilikuwa wapi, alifanya nini, nani alimsaidia. Wakae wawili wawili, na wawe wa idara tofauti. Mhasibu amsikilize dereva. Mratibu amsikilize mlinzi. Mtashangaa. Dereva anafahamu kila kizuizi cha barabarani na kila sheferi wa njia ile, na anajua maneno ya kumtuliza mtu mwenye bunduki. Ujuzi huo haumo katika barua yake ya kazi.

Pili, kuota ndoto pamoja. Je, kama siku zile nzuri zingekuwa za kila wiki, shirika letu lingefanana na nini? Hapa kila mtu aseme, hata aliye mdogo kwa cheo.

Tatu, kupanga. Tugawe kazi kwa kufuata nguvu za watu. Mtu anayesikiliza vizuri lakini haandiki vizuri, msimwadhibu kila mwezi kwa ajili ya ripoti. Mwekeeni mwenzake anayependa kuandika, mmoja asimulie na mwingine aandike. Kazi mbili zitakuwa zimefanyika.

Nne, kutimiza. Kila mtu aahidi jambo moja dogo ambalo anaweza kuanza wiki hii bila kungoja fedha. Mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza limefika wapi.

Pia kuna adabu ya kushukuru. Kusema “Asanteni kwa kazi nzuri” ni salamu tu. Kushukuru kwa kweli ni kutaja jambo: “Mama, juzi ulipowaacha vijana wale waseme hasira yao yote kabla ya kuwajibu, ndipo walipokubali kukaa.” Mtu akisikia hivyo, anajua kitu gani alifanya vizuri na anaweza kukirudia. Na wenzake wanajifunza.

Sasa ninawapa tahadhari tatu, maana njia hii inaweza kutumiwa vibaya.

Tahadhari ya kwanza: kuthamini si kusifu ovyo. Kazi mbaya iitwe mbaya, lakini kwa faragha na kwa heshima, pamoja na njia ya kuirekebisha. Watu wanajua sifa za uongo, na wakizisikia hawataamini tena hata zile za kweli.

Tahadhari ya pili: kuthamini si kufunika maovu. Fedha za shirika zikiliwa, au mwanamke akitendewa vibaya na mkubwa wake wa kazi, huo si wakati wa kuuliza “Nini kinakwenda vizuri?” Ni wakati wa kuuliza nani, lini na kiasi gani, na kumlinda aliyeonewa. Tuna mfano mkubwa kwetu. Dokta Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999. Mwaka 2011, mjini humo humo, ilifunguliwa nyumba iitwayo City of Joy, ambayo yeye ni mmoja wa waanzilishi wake, ili wanawake waliobakwa wajifunze na kuwa viongozi katika jamii zao. Hiyo ni kujenga juu ya nguvu za mtu. Lakini daktari huyo huyo, alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani huko Oslo mwaka 2018, alitaka haki. Alikumbusha ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 juu ya maovu yaliyofanyika Kongo kuanzia mwaka 1993 hadi 2003, akauliza kwa nini imelala tu. Kuwajenga waliojeruhiwa hakukumfanya anyamaze juu ya waliowajeruhi.

Tahadhari ya tatu: tusisifu uvumilivu wa maskini ili kumwachia mzigo. Tangu miaka ya 1990, wakati serikali iliposhindwa kuwalipa walimu vema, wazazi wa Kongo ndio walioshikilia shule kwa kutoa fedha mifukoni mwao. Ni jambo la kustahili heshima, maana bila wao shule nyingi zingefungwa. Lakini watoto wangapi walifukuzwa darasani kwa kukosa fedha hizo? Elimu ya bure katika shule za msingi za serikali ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Kwa miaka mingi, mtu aliyeishia kuwasifu wazazi alikuwa anaisaidia dhuluma iendelee. Kiongozi mwema hushukuru nguvu ya watu wake, kisha huuliza: je, ni haki waubebe mzigo huu peke yao?

Ndugu zangu, kwa nini ninasema haya sasa? Mnajua mwaka 2025 ulivyokuwa. Vita vilifika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na benki zikafungwa. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na shirika lake la USAID likavunjwa. Miradi ilisimama katikati. Watu walirudishwa nyumbani bila mshahara.

Siku kama hiyo, kiongozi aliyezoea kuhesabu tu kinachokosekana ataona hakuna kilichobaki. Aliyezoea kuuliza nguvu ziko wapi, ataona vitu. Ataona mama wa likelemba wanaotoa kila mmoja kidogo na kumpa mmoja wao kwa zamu, na kitabu chao hakina deni. Ataona wazee wanaoaminiwa na pande mbili. Ataona vijana wanaojua njia zote za mlimani. Hivyo havikununuliwa na mfadhili yeyote, wala havikuondoka naye. Wazee wa pwani walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako mkuukuu ndio utakaolalia wakati mkeka mzuri wa mpita njia umekwisha kwenda naye.

Sisemi kwamba likelemba italipa mishahara. Haitalipa. Tutaendelea kudai na kuomba kinachotupasa. Lakini shirika linalojua nguvu zake huomba likiwa limesimama, na msaada ukichelewa, haliwaachi watu wake.

Basi ninawaomba jambo moja. Katika mkutano wenu unaofuata, kabla ya kugusa ripoti, chukueni nusu saa kujibu maswali haya matatu:

1. Tangu tulipokutana, ni lini kazi yetu ilileta hata amani kidogo, na ilitokeaje?
2. Nani kati yetu, au katika kijiji, ana ujuzi ambao hatujawahi kumwuliza?
3. Ni mzigo gani tunawasifu watu kwa kuubeba, na ilhali tungepaswa kupigania waondolewe?

Andikeni majibu. Baada ya miezi mitatu, yasomeni tena pamoja, mwone nini kimebadilika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kiongozi peke yake hawezi kuona nguvu zote za watu wake. Anachoweza ni kuuliza, na kunyamaza mpaka wamalize kujibu.

Mungu awalinde njiani.