Tairi za Gari Letu: Tusome Namba Kabla ya Kulipa

(Maneno tuliyotoa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka)



Komite ilituomba tuseme juu ya tairi. Tairi ao pine, ni kitu kimoja. Sisi tulioishi Nyarugusu na Lugufu tulirudi na neno la Tanzania, ndugu zetu tuliowakuta hapa wanasema pine, na kwa kwado wote tunalipa bei moja.

Tuanze na kosa letu, sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini tunasimama hapa kuomba dola 360. Mwaka jana minibisi ya mutuele ilihitaji tairi 4. Komite ilitutuma sisi watu wa tereni tuzitafute Uvira. Tulikuta za okazio kutoka Ulaya kwa dola 40 moja. Zilikuwa nyeusi vizuri, nene, meno yake marefu, na jina la kiwanda kikubwa ubavuni. Mpya za Kichina zilikuwa dola 90. Tulichukua za 40, tukarudi tukifurahi, na katika ripoti kwa wafadhili tuliandika sisi wenyewe kwamba tairi zimepatikana "kwa bei nafuu". Ripoti hiyo mnayo.

Miezi mitano baadaye, gari likitoka hapa kwenda Uvira, tairi ya nyuma ilipasuka mbele kidogo ya Mboko. Ndani mulikuwa na mama mjamzito aliyekuwa anapelekwa hospitali, pamoja na abiria wengine na magunia ya muhogo juu. Shofere alifanya kitu kimoja cha akili: hakukanyaga breki kwa nguvu. Alishika usukani, akaacha gari lipunguze mwendo lenyewe, likaingia majani ya upande wa mlima. Lingeenda upande wa pili, pale ni ziwa. Mama alisubiri saa mbili na nusu kando ya barabara mpaka likapatikana gari lingine. Alifika, alijifungua, mtoto yupo. Lakini zile saa mbili na nusu hatujazisahau.

Tulipoishusha ile tairi, ndipo tuliisoma. Tulipaswa kuisoma sokoni.

Cha kwanza, umri. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwisho wake kuna namba nne ndani ya kidude kama yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yetu iliandikwa 1410: wiki ya 14 ya mwaka 2010. Wakati ule wengi wetu tulikuwa bado tunapanga foleni ya unga ng'ambo ya ziwa! Mpira unazeeka hata kama hautembei. Unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka mipasuko midogo katikati ya meno, na nyuzi za ndani zinaachana na mpira. Mwuzaji anapaka rangi nyeusi na huoni kitu. Angalieni pande zote mbili, sababu mara nyingi namba hizo ziko upande mmoja tu, na ukikuta upande huo umefungwa kwa ndani ya gari, utaambiwa "haina namba". Inayo.

Cha pili, uzito, na hapa ndipo tuliona haya zaidi. Tairi yetu iliandikwa 195/65 R15 91T. Ringi ya 15 iliingia, gari likatembea, tukadhani ni sawa. Lakini ile 91 ni namba ya uzito, na maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. Ni tairi ya gari dogo la familia. Minibisi inataka ile yenye herufi C mwishoni, kama 195 R15 C, na namba 106/104: kilo 950 kwa tairi moja. Watu 16 peke yao ni kama tani moja, bado muhogo, bado gari lenyewe. Tulikuwa tumevalisha mbeba mizigo viatu vya mtoto wa shule.

Cha tatu, kile kilichotudanganya macho. Ubavuni kulikuwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake. Hiyo ni tairi ya baridi. Huko Ulaya mpira wake unatengenezwa laini makusudi ili usigande kwenye barafu. Kwa joto letu mpira huo unalika haraka, na ukifunga breki gari linachelewa kusimama. Meno yake marefu ndiyo yalitufanya tuamini kwamba itashika matope. Itashika kidogo siku za kwanza, kisha inakwisha. Basi ukiona theluji kwenye tairi na wewe unaishi Fizi, iache.

Kuna na wale wanaochonga. Tairi imekwisha, mtu anachukua kisu cha moto anachimba mistari mipya. Utaijua hivi: ndani ya mifereji mikubwa kuna vituta vidogo vya mpira, viwanda vinaviweka ili vikufikie usawa tairi ikiwa imebakiza milimita 1.6. Kama mfereji ni mrefu lakini kile kituta kimekatwa ao hakionekani mahali popote, ondoka. Na ile 1.6 ni kipimo cha sheria za Ulaya, kwa barabara ya lami. Kwa mlima wa kwenda Fizi wakati wa mvua, sisi tunasema isishuke chini ya 3. Hamuhitaji chombo: ingiza kijiti cha kiberiti, weka alama kwa ukucha, pima kwenye rula ya mtoto.

Sasa hesabu, maana tunajua kuna wanaonong'ona kwamba fedha hizi zilichangwa kwa mabati ya depo. Ni kweli. Okazio 4 ni dola 160, na zilitupa miezi mitano. Gari letu sisi watu wa tereni, linalopita barabara hiyo hiyo, lina tairi mpya za Kichina zenye C, na zimefika miezi 20. Kwa miezi 20 mtanunua okazio mara nne: dola 640, bila kwado, bila kulala njiani. Mpya ni 360. Hatusemi kila Kichina ni nzuri. Tunasema mpya isiyo na jina, yenye namba sahihi na mwaka wa karibu, inashinda yenye jina kubwa iliyozeeka. Za Kijapani zingekuwa bora zaidi, lakini tuliambiwa dola 150 moja, na hapo hata sisi tulinyamaza.

Kuhusu meno: vijana wanapenda zile za matope kabisa, zenye meno makubwa kama trekta. Kwa minibisi hapana. Kwenye lami yenye maji zinateleza, na zinakula mafuta. Tuchukue za mchanganyiko, zenye mifereji katikati ya kumwaga maji na meno ya wazi pembeni.

Ikiwa mkutano utakubali mbili tu kwa sasa, basi mbili mpya zinaenda nyuma. Tunajua shofere atabisha, kila shofere anapenda mpya mbele. Lakini mbele ikiteleza unaisikia kwenye usukani na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari linageuka, na ukishasikia umechelewa. Tena msichanganye kulia mpya na kushoto nzee.

Upepo tuuseme haraka: upimwe asubuhi tairi ikiwa baridi, kila wiki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa shofere. Kuna tabia ya kupunguza upepo ili kupita matope halafu kusahau kuurudisha. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja, inachemka, inapasuka. Inawezekana hata ile ya Mboko ilisaidiwa na hilo. Na kiraka cha ubavuni tusikubali, hata kwado akiapa.

Kwenu wafadhili, neno moja. Mnatupa mafuta, na tunashukuru. Lakini katika bajeti mstari wa matengenezo ndio unakatwaka kwanza, na ndiyo maana watu kama sisi wanakimbilia za dola 40. Hatuombi gari lingine. Tunaomba mstari wa tairi, seti moja kila mwaka na nusu, na picha ya namba za DOT iwekwe pamoja na fakture. Hiyo muidai kwetu bila huruma.

Kabla ya kupiga kura, tokeni kidogo nje. Ile tairi ya Mboko iko pale chini ya mwembe, na tatu wenzake bado ziko kwenye gari. Mama mzazi naye yuko hapa na mtoto wake, na amesema atakuwa wa kwanza kusoma namba.