Viwavijeshi wamepita, ng'ombe wasitoke

Ndugu wafugaji, viwavijeshi tunawajua. Mvua za kwanza zikinyesha hao wanatokea, weusi tii mgongoni, wanatafuna nyasi, mahindi na mtama, halafu wanajichimbia ardhini. Sisi tunashukuru, tunafungulia ng'ombe. Hapo ndipo tunapokosea! Ukoka ulioliwa na viwavi, na mtama unaochipua upya, unaweza kuwa na sumu kali. Ng'ombe mwenye njaa akiula anahema kwa shida, anatetemeka, anaanguka. Saa moja haiishi, amekufa. Wengine wetu husema karogwa. Karogwa na nani?

Basi tuwakatie majani ya mbali, wale zizini, mpaka mtaalamu wa mifugo ayaangalie malisho. Akianguka mmoja, kwanza tuwaondoe wenzake pale, ndipo tukimbilie kumwita.